Kinga ya Chuma

Dada alikuwa amepiga magoti akisugua kioo cha tangi kwa brashi, mikono ya koti la kazi ameikunja hadi kwenye viwiko, wifi yake alipopiga simu kumwambia kwamba msumeno wa kiwandani umemkata Kitinda, mdogo wake, mkono tena, na kwamba akitoka kazini apitie dukani alete mkate, maana nyumbani kumejaa wageni.

"Ule ule wa kulia?" Dada aliuliza.

"Ule ule. Kicheko ndiye aliyemleta. Zahanati wameshamfunga bandeji."

"Mkate mmoja utatosha?"

"Lete miwili, wifi. Na sukari."

Alimalizia tangi lile kwanza, kwa sababu salamanda hawavumilii maji machafu. Akawarudishia maji yaliyolala kwenye pipa tangu jana, akawatupia minyoo iliyokatwakatwa, akasubiri mpaka kila mmoja amepata wake. Ndipo akanawa, akavua koti, akaenda dukani.

Alikuwa mtunza wanyama katika taasisi ya utafiti. Salamanda wana umbo la mjusi na ngozi ya chura, na kila upande wa kichwa wana matamvua mekundu ya kupumulia majini. Majirani walimwita Mama Mijusi, naye alikuwa ameshachoka kuwaeleza kwamba si mijusi. Kazi ya taasisi ilikuwa kuwalaza kwa dawa, kuwakata mguu, kisha kungoja. Mguu uliota. Uliota na mifupa yake na vidole vyake, bila kovu lolote, kana kwamba mwenyewe aliusahau mahali akarudi kuuchukua.

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitindamimba, na jina lilimganda tangu utotoni. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Dada, ambaye wakati huo mwenyewe alikuwa hajavunja ungo, alimbeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamfundisha kufunga vifungo vya shati. Sasa alikuwa mwanamume mzima, mwenye mke, mpasua mbao kwenye kiwanda kilicho nyuma ya stesheni. Lakini Dada alipoingia sebuleni siku ile na kumwona ameketi kwenye kona ya kochi, bandeji mapajani, miguu imekusanywa chini ya kiti, aliona mtoto yule yule aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango radi ikipiga.

Majirani waliingia na kutoka. Walikuwa wameshapata maneno ya kusema katika hali kama ile.

"Pole kwa uliokwenda," walisema, "na hongera kwa unaokuja."

"Asanteni," wifi alijibu kwa niaba ya mumewe, akigawa chai.

Kicheko ndiye aliyeshika mazungumzo. Alifanya kazi benchi la pili kutoka kwa Kitinda, na mara zote tatu ndiye aliyemleta nyumbani. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka kabla hajasema, na damu ya mwenzake ilikuwa imemkauka kifuani kama ramani.

"Dada, huyu mdogo wako ana mikono mingi kuliko pweza," alisema. "Sisi wengine tulipewa miwili tu, tunaitumia kwa kubana."

Watu wakacheka. Kitinda hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango.

Jioni wageni walipoondoka na vyombo vilipooshwa, sauti ikaanza. Ilitoka ndani ya bandeji, ndogo, kavu, isiyokoma, kama mchwa ndani ya nguzo ya nyumba. Wifi alifungulia redio. Kitinda akaubana mkono kwapani, akafumba macho.

Dada aliijua ile sauti ni ya nani. Mwili ukikatwa, wa kwanza kufika si wajenzi. Wa kwanza ni walaji, seli nyeupe za damu, askari wa kinga ya mwili, wanaomeza vijidudu na nyama iliyokufa mpaka uwanja uwe safi. Wakishashiba hubadilika tabia: hutuliza moto wa kidonda, huwaita wajenzi, huwaachia nafasi. Wasipokuwepo, jeraha huzibwa harakaharaka kwa kovu, na mambo huishia hapo. Kwa salamanda kazi hiyo hufanyika kimyakimya. Kwa Kitinda ilisikika hadi jikoni.

Mkono wa kwanza ulipokatika, watu walilia kama wanavyolia watu wote. Kinga ya msumeno, lile bati la chuma linalofunika meno ya mashine, ilikuwa imevunjika siku nyingi na hakuna aliyeishughulikia. Meneja alikuja nyumbani na jasho usoni. Aliagiza kinga mpya siku ile ile, na ikaletwa ikiwa ndani ya boksi lake. Lakini kabla mafundi hawajaifunga, kwenye kigutu cha Kitinda kulitokea uvimbe mwororo kama kichipukizi. Kichipukizi kikawa bapa kama mwiko, mwiko ukapata mistari, mistari ikawa vidole. Mganga wa zahanati aliutazama, akasema hutokea, akampa mafuta ya kupaka ukiwasha.

Kitinda aliporudi kazini na mkono wake mpya, Meneja aliushika, akaugeuza huku na huku, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kumbe kinga unayo mwilini," alisema. "Ya chuma ya nini tena?"

Boksi likarudishwa stoo, kwa kuwa bati lile lingepunguza kasi ya mashine. Kitinda akawekwa kwenye benchi lile moja kwa moja. Wenzake hawakusema kitu. Walimletea chai kabla hajaiomba, walimpisha kwenye bomba la maji, walimsalimia kwa uchangamfu mkubwa kila asubuhi. Palikuwa na benchi moja la kuogopwa, na sasa lilikuwa na mwenyewe.

Mkono wa pili ulipoota, wifi alimwambia Dada jambo moja wakiwa wanaanua nguo.

"Ule wa kwanza ulikuwa laini tu, ukazoea. Huu haunijui, wifi. Ananishika bega, nahisi nimeshikwa na mtu kwenye foleni."

Na sasa ulikuwa unakuja wa tatu.

Dada alikwenda kumbadilishia bandeji kila alipotoka kazini. Siku moja alikuta kidonda kimekuwa chekundu na safi, bila usaha hata chembe, walaji wakitafuna kwa bidii. Kitinda alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Dada," alisema, "kuna ile dawa."

"Dawa ipi?"

"Ile mnayowachoma wale wa tangi la pembeni. Wale wanaobaki vigutu."

Dada aliendelea kuzungusha bandeji. Alijilaumu kwa kuwa na mdomo mrefu. Mwenyewe ndiye aliyewahi kusimulia habari hizo mezani, kama kichekesho cha kazini. Taasisi ilikuwa na dawa ya kuwaua walaji. Salamanda aliyechomwa dawa hiyo kisha akakatwa mguu hakuota kitu. Kidonda kilijifunga, kikawa kigumu na kinang'aa kama kishikio cha mlango.

"Ile inaua kinga yote ya mwili," alisema. "Utabaki kama nyumba isiyo na mlango. Kila mpita njia ataingia."

"Nani atakuja kuiba kwangu?"

"Usifanye mchezo."

"Sifanyi mchezo." Aligeuka kumtazama. "Maumivu nimeyazoea, dada, maumivu yanaisha. Ninachoogopa ni kuota. Nikisikia hawa wanakula, najua wananitengeneza ili nirudishwe pale. Zamani ule msumeno ulikuwa unamtisha kila mtu. Meneja mwenyewe akipita alikuwa anaficha mikono nyuma. Sasa anakuja kuniegemea begani, anawaonyesha wageni. Hofu ya kiwanda kizima nimeachiwa mimi peke yangu."

"Acha kazi."

"Niende wapi? Habari zimeenea. Kiwanda cha mabati kimeshanitumia mtu. Wana mashine yao ya kukunja, wanasema ingenifaa sana."

Dada alifunga fundo la bandeji, akalikagua, akalifunga tena.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Daktari, mtafiti mkuu, mwanamke kijana mwenye miwani minene, akiwa ameinama juu ya hadubini. Alimwekea chai pembeni, kisha akabaki amesimama.

"Sema, mama," Daktari alisema bila kuinua kichwa.

"Ile dawa ya tangi la pembeni. Mtu akipewa itakuwaje?"

Daktari aliinua kichwa. Habari za Kitinda alikuwa nazo. Mji mzima ulikuwa nazo. Mwanzoni aliwahi kuomba kipande cha ngozi yake, Kitinda akakataa, na hakuomba tena.

"Salamanda wetu tunawaweka kwenye maji safi, baridi, hawagusani na kitu," alisema. "Hata hivyo wengine hufa. Mtu anaishi na watu, mama. Anashika mlango ulioshikwa na wengine. Mafua tu yanaweza kumzika. Na sina hakika hata ya kipimo."

"Nimeuliza tu."

"Najua umeuliza tu." Alikunywa chai yake. "Mkanye. Mwambie atafute njia nyingine."

Dada alitafuta njia nyingine. Alikwenda kiwandani mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi, akaingia, akaomba lile boksi lililoko stoo lifunguliwe. Meneja alimpokea kwa heshima zote, akamwita mama yangu, akamwagizia soda. Alimweleza kwamba kila benchi lina mambo yake, na benchi lile lilikuwa limeshaonyesha kwamba linajitosheleza.

"Na huyo anayekatwa?" Dada aliuliza.

"Anapona," Meneja alisema. Alionekana kushangaa kidogo kwamba jambo dogo hilo lahitaji maelezo.

Chini ya ofisi msumeno ulikuwa unaunguruma, na glasi ya soda ilitetemeka mezani muda wote waliokaa. Dada hakuinywa.

Siku hiyo hiyo mchana wifi alimpigia simu, na safari hii hakutaja mkate. Dada alikimbia. Alipofika alikuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani na wifi anaugonga kwa viganja vyote viwili. Waliusukuma kwa mabega mpaka komeo likang'oka. Kitinda alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi. Alikuwa ameweka pasi juu ya moto mpaka kitako chake kimekuwa chekundu, na alikuwa ameshafungua bandeji. Kwenye kigutu kichipukizi kilikuwa kimetokeza, cheupe, chenye unyevunyevu, kikubwa kama ncha ya kidole gumba.

"Nimeshindwa," aliwaambia. "Nimejaribu tangu asubuhi. Kila nikiisogeza karibu, mkono mwingine unakataa."

Wifi alizima jiko. Dada alimkalisha chini, sakafuni, akakaa naye, akamlaza kichwa chake mapajani. Mwanamume mzima alitetemeka kama kifaranga aliyelowa. Walaji walikuwa wanatafuna palepale sikioni mwa Dada, hawana habari, wanafanya kazi yao nzuri.

"Nitaileta," alisema.

Dada hakuwahi kuchukua kitu cha taasisi, hata sabuni. Kesho yake saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, alifungua friji, akatoa chupa moja, akaiweka kwenye kopo la minyoo, akalifunika. Akawatazama salamanda. Walikuwa wametulia kwenye kona zao, vinywa vyao vipana vimejikunja kwa lile tabasamu lao lisilo na maana yoyote.

Usiku huo wifi aliishika taa. Dada alichoma sindano begani, kama alivyozoea kuwaona watafiti wakifanya, akiwa amekisia kipimo kwa uzito. Kichipukizi alikikata mganga wa zahanati kesho yake, kwa maombi ya mgonjwa mwenyewe. Aliuliza kama ana hakika, akaambiwa ndiyo, akasema hutokea.

Kufikia jioni sauti ilikuwa imepungua. Ilianza kusitasita, kama watu wanaokula huku wanaitwa nje, kisha ikabaki ya mlaji mmoja, mbali, ndani sana. Halafu naye akaacha.

Hakuna kitu kilichowahi kumtisha Dada kama ukimya ule. Waliketi watatu sebuleni, redio imezimwa, wakisikia bomba linadondoka. Kitinda peke yake ndiye aliyetabasamu. Alilala palepale kwenye kochi, mdomo wazi.

Waliofuata ni wapita njia, kama Dada alivyosema. Kwanza vidonda vya mdomoni. Kisha homa. Kisha mkwaruzo mdogo wa kisigino, alioupata kwa kiatu, ukawa mweusi na kuanza kunuka. Wifi alichemsha kila kitu: maji, mashuka, vijiko, hata funguo. Majirani walizuiwa mlangoni, wakanung'unika, wakasema siku hizi Mama Mijusi anajisikia. Kitinda alikonda, macho yakaingia ndani, akaanza kumwita Dada mama. Dada alikaa kando ya kitanda na kitambaa kimemfunga pua na mdomo, akijiuliza atamwambia nini marehemu mama yao, maana katika familia yao maswali ya namna hiyo yalikuwa hayaepukiki.

Daktari alikuja bila kuitwa, na begi. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono muda mrefu, akampima Kitinda, akatundika dripu kwenye msumari wa kalenda. Alikuja tena na tena. Hakuuliza lolote mpaka siku homa iliposhuka na mgonjwa alipoomba uji.

"Chupa moja haikuonekana kwenye friji," alisema wakiwa nje wanaanika glavu. "Nimeandika kwamba ilivunjika."

"Asante, daktari."

"Usinishukuru. Ningelala usingizi gani?" Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu mwenye habari njema asiyejua aiweke wapi. "Wale wa tangi la pembeni, mama. Dawa ilishawatoka mwilini, walaji wamerudi. Tukawakata tena, kidogo tu, juu ya kovu. Inaota."

Dada alishika kamba ya kuanikia nguo.

"Inaota vipi?"

"Kama ya siku zote. Kumbe kovu si mwisho. Ukilikata wakati walaji wapo, kazi inaanza upya." Alitazama mlango wa chumba alimolala Kitinda, na ile furaha ikamtoka. "Nitaandika habari za salamanda tu," alisema. "Za salamanda peke yake."

Kitinda alipona. Kigutu kilijifunga, kikawa kigumu na kinang'aa, chenye mshono mmoja katikati kama kitovu. Alikipapasa kutwa nzima.

"Hiki ni cha moja kwa moja?" alimuuliza dadake.

"Cha moja kwa moja," Dada alisema.

Meneja alikuja na mfuko wa machungwa. Alitoa pole, safari hii bila hongera, akakitazama kigutu kama mtu anayetazama gari lake limezimika njiani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Kitinda kazi ya getini, kufungua na kufunga, na sare mpya yenye vifungo vya shaba.

"Na benchi?" Kitinda aliuliza. "Mtaifunga ile kinga?"

"Nimelifikiria sana," Meneja alisema. "Mikono mitatu imeota pale."

"Miwili, bosi. Na iliota kwangu. Ilikuwa mikono yangu."

"Ndiyo, lakini ilikatikia wapi? Jambo likitokea mara moja ni la mtu. Likijirudia pale pale, ni la benchi."

Akamweka Kicheko.

Dada alipata habari hizo kwa Kicheko mwenyewe, aliyekuja kuwasalimia akiwa na mikono yake yote. Alikunywa chai, akacheka kabla ya kusema, lakini alichokisema hakikuwa na kichekesho.

"Nasikia mashine ikiwashwa, mate yananikauka," alisema. "Wenzangu wameanza kuniletea chai."

Kitinda alitazama chini. Dada naye alitazama chini. Wifi akauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Haukupita muda mrefu. Kicheko aliletwa nyumbani kwake na mtu wa benchi la tatu. Majirani walikwenda kumtazama, wakasema pole kwa uliokwenda na hongera kwa unaokuja, na mkewe akawagawia chai. Meneja alikwenda pia, akamwambia asiwe na wasiwasi, asubiri. Kicheko alisubiri. Kila jioni alikaa kibarazani ameweka kigutu sikioni, kama mtu anayepokea simu. Watu waliopita walipunguza sauti wasimsumbue.

Dada alikwenda kumwona, na akaombwa asikilize yeye, kwa kuwa ana uzoefu. Aliweka sikio kwenye bandeji. Walaji wa Kicheko walikuwepo bila shaka, kama walivyo kwa kila mtu, lakini walikula kama wanavyokula kwa kila mtu, harakaharaka, huku kovu linawafungia mlango. Hakusikia kitu.

"Unasikia?" mke wa Kicheko aliuliza.

"Kidonda ni kisafi," Dada alisema. "Kinapona vizuri."

Aliporudi alimkuta Kitinda ameketi kwenye ngazi za nyumba yake na sare ya kazi, kofia magotini. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka kazini, na barabara ilikuwa imejaa. Kitinda alisubiri mpaka kundi moja likapita.

"Dada, nataka kukuuliza. Wale salamanda wa pembeni, wenye makovu. Wakikatwa tena?"

"Wakikatwa tena nini?"

"Nauliza. Inaweza ikaota?"

Alikuwa hamtazami. Alikuwa akikishika kigutu chake kwa mkono wa kushoto, kwa upole, kama mtu anayemshika mtoto asivuke barabara. Dada alijua anauliza kwa sababu ya Kicheko. Alijua pia kwamba akiambiwa ndiyo, atasimama, atakwenda mpaka zahanati kukatwa upya ili arudi benchi badala ya Kicheko, kwa kuwa ndivyo alivyomlea.

"Haioti," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa, mdogo wangu. Kovu likishafunga limefunga."

Kitinda alishusha pumzi ndefu, ambayo Dada hakuweza kuipima kama ni ya huzuni au ya nafuu, na pengine mwenyewe hakuweza. Akaingia ndani. Dada alibaki kwenye ngazi mpaka barabara ilipoanza kupungua watu.

Kesho yake, akienda taasisi, alipita njia ya nyuma ya stesheni. Wafanyakazi walikuwa wanaingia kiwandani wawili wawili na vikapu vyao vya chakula. Kicheko alikuwa miongoni mwao. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo na mkewe, vyote mpaka cha juu kabisa, na mkono wa kulia wa shati ulikuwa umebanwa kwa pini. Alipomwona Dada alisimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unakwenda wapi wewe? Hujapona."

"Benchi halina mtu," Kicheko alisema. Alijaribu kucheka kwanza, kama kawaida yake, akashindwa, akaendelea bila kicheko. "Meneja amesema wa kushoto unatosha kusukuma mbao mpaka wa kulia utakapofika."

Kitinda alimfungulia geti kwa mkono wake mmoja. Walisalimiana. Kicheko akapita, geti likafungwa, na baada ya muda kidogo msumeno ukawashwa.